Mdalasini na kisukari: maswali ninayoulizwa kila siku mezani kwangu Kisutu

Nauza viungo Soko la Kisutu, katikati ya jiji la Dar es Salaam, na nina kisukari aina ya pili tangu mwaka 2016. Watu wakiyasikia hayo mawili kwa pamoja hucheka: "Si unalala na dawa, mama?" Kweli, nyumbani kwangu Magomeni kuna kiroba cha mdalasini uvunguni mwa kitanda. Lakini asubuhi, kabla sijakivuta nikipeleke sokoni, nameza kwanza metformini, kidonge changu cha kisukari.

Maswali haya nimeyaandika kama wateja wanavyoyauliza. Mimi si daktari. Ya sokoni na ya jikoni nayajua kwa mikono yangu. Ya kitaalamu nimeyapata kliniki na kwa kusoma, na pale ambapo utafiti mmoja unapingana na mwingine nimesema hivyo hivyo.

Mama, mdalasini unaponya kisukari?

Hauponyi. Anayekuambia unaponya ama anauza, ama ameuziwa.

Kisukari aina ya pili si uchafu uliokwama kwenye damu ukisubiri kitu cha kuusafisha. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, kazi yake ni kupiga hodi kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili ili sukari ipokelewe ndani. Ukiwa na aina ya pili hodi inapigwa, lakini waliomo ndani wamekuwa wazito wa kusikia. Kongosho inazidi kupiga, miaka inapita, nayo inachoka. Huku ini, ambalo lina akiba yake ya sukari, linaendelea kuimwaga kwenye damu hata usiku umelala. Ndiyo maana mtu analala na njaa halafu anaamka na sukari 10 (namba zangu za sukari ni za mmol/L, kama mashine ya kliniki inavyosoma), anabaki kushangaa. Uzito, hasa wa tumboni, kukaa kutwa bila kutembea, na ukoo unaotoka, vyote vina mkono wake. Gome la mti haliwezi kuyanyoosha yote hayo.

Basi mbona kila mtu anasema unashusha sukari?

Panapofuka moshi hapakosi moto, ila moto wenyewe ni mdogo kuliko moshi.

Mwaka 2003 watafiti nchini Pakistan walichapisha jaribio la watu 60 wenye kisukari aina ya pili. Baadhi walipewa vidonge vya mdalasini, gramu 1, 3 au 6 kwa siku, kwa siku 40. Wengine walipewa vidonge visivyo na kitu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kwa asilimia 18 hadi 29 kwa waliopewa mdalasini. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na nina hakika ndiyo nyanya wa kila ujumbe wa WhatsApp unaotumiwa leo kuhusu mdalasini.

Baadaye wengine wakajaribu. Mwaka 2006, Uholanzi, wanawake 25 walifuatiliwa kwa wiki sita, waliotumia mdalasini wakipewa gramu moja na nusu kwa siku: hakukuwa na tofauti. Mwaka huo huo Ujerumani, kwa miezi minne, sukari ya asubuhi ilishuka kwa asilimia 10 hivi kwa waliotumia mdalasini na asilimia 3 kwa wasiotumia, lakini kipimo cha HbA1c hakikusogea. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, wakapitia majaribio 10 yenye watu 577 wakasema ushahidi hautoshi kumshauri mgonjwa autumie. Mwaka uliofuata wachambuzi wengine wakajumlisha majaribio yao: sukari ya asubuhi ilishuka kwa wastani wa karibu 1.4 mmol/L, HbA1c ikabaki palepale.

HbA1c ni kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kwa sababu kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Mfanyabiashara atanielewa haraka: sukari ya asubuhi ni mauzo ya leo, HbA1c ni daftari. Unaweza kuuza vizuri Jumamosi na daftari la robo mwaka likaonyesha hasara. Mdalasini umewahi kuonekana kwenye mauzo ya siku. Kwenye daftari bado haujaonekana vya kutosha. Majaribio mengi yalikuwa mafupi pia, kwa hiyo wanaoutetea nao wana hoja yao.

Unafanyaje kazi mwilini, kama unafanya?

Maabara imeonyesha kwamba baadhi ya kemikali zilizomo kwenye gome zinaisaidia insulini kusikika vizuri kwenye seli. Lakini seli ya kwenye kioo cha maabara na mama wa Tandika aliyekula chapati mbili ni vitu viwili tofauti. Njia nyingine inayotajwa ni kuchelewesha chakula kutoka tumboni ili sukari isipande kwa kishindo. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden waliwapa watu 14 wasio na kisukari wali wa maziwa, mara moja mtupu, mara moja ukiwa na gramu 6 za mdalasini. Wenye mdalasini ulitoka tumboni taratibu zaidi, na sukari haikupanda sana. Gramu 6 lakini ni zaidi ya vijiko viwili vya chai. Jaribu kuweka kiasi hicho kwenye sahani moja ya wali uone kama familia itakula.

Kuna mdalasini wa aina ngapi? Nasikia mwingine ni sumu.

Hapa ndipo nakaa na mteja muda mrefu, hata foleni ikisubiri.

Kuna mdalasini wenyewe, ambao wataalamu wa mimea wanauita Cinnamomum verum na wafanyabiashara wa nje wanauita wa Ceylon, jina la zamani la Sri Lanka. Huo ndio mti unaooteshwa Unguja na Pemba. Kwa upande wa bara, mdalasini unalimwa Muheza mkoani Tanga, na kwenye milima ya Uluguru, Morogoro. Halafu kuna kasia, ndugu yake, unaotoka China, Vietnam na Indonesia. Kasia ndiyo inayouzwa zaidi duniani kwa sababu ni rahisi, na unga mwingi wa kwenye vikopo vya dukani ni wa kasia.

Tofauti kubwa kwa mgonjwa wa kisukari si ladha. Kasia ina kitu kinaitwa kumarini, ambacho kikizidi kinaweza kuumiza ini kwa baadhi ya watu. Mdalasini wenyewe unacho kidogo mno. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Taasisi ya Ujerumani inayoshughulikia mambo hayo ilipiga hesabu: mtu mzima wa kilo 60 asizidishe gramu 2 za kasia kila siku. Gramu 2 hazijazi kijiko cha chai! Sasa mfikirie anayekoroga vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, mwezi baada ya mwezi, akiamini anajitibu.

Kuvitofautisha: kijiti cha Ceylon kina tabaka nyingi nyembamba zilizoviringishwa pamoja kama sigara ya msokoto, rangi yake ya kahawia imepauka, na ukikibana kwa vidole kinavunjika vipande vipande. Kasia ni gome moja nene, jekundu-jekundu, limejikunja pande zote mbili kuelekea katikati, na ni gumu kiasi kwamba limewahi kunivunjia kisu cha blenda. Ila angalia: mdalasini wetu wa Pemba na Muheza mara nyingi hauviringishwi kama wa Sri Lanka. Unakuja vipande vya magome, vingine vinene vya shinani, kwa hiyo unene peke yake usikudanganye. Muulize muuzaji umetoka wapi. Uvunje, unuse. Wa kwetu una harufu laini yenye utamu. Kasia inakupiga puani moja kwa moja, na ukiitafuna inawasha.

Ukiwa unga, mimi mwenyewe na miaka yangu hii kwenye biashara siwezi kukuapia ni upi kwa kuutazama.

Nitumie kiasi gani kwa siku?

Kiasi cha chakula, si kiasi cha dawa. Kwangu ni kipande cha urefu wa kidole kwenye chai ya vikombe vinne, au nusu kijiko cha chai cha unga kwenye uji wa siku hiyo, basi. Hakuna dozi ambayo wataalamu wamekubaliana kwamba inatibu kisukari, kwa hiyo ukimsikia mtu anataja vijiko kwa uhakika kabisa, muulize amevipata wapi.

Unga, vijiti au vidonge?

Vijiti. Kijiti ukikichemsha unabaki nacho kwenye sufuria. Unga unaumeza wote na kila kilichomo ndani yake. Kijiti pia ni vigumu kukichakachua. Mwishoni mwa mwaka 2023 huko Marekani watoto walikutwa na madini ya risasi kwenye damu baada ya kula matofaa ya kusagwa yaliyotiwa unga wa mdalasini uliochanganywa na risasi, na mwaka uliofuata mamlaka za huko zikaonya kuhusu unga wa majina kadhaa. Saga mwenyewe kidogo kidogo, kinuni au kwenye mashine ndogo ya kusagia kahawa.

Vidonge vya mdalasini sijawahi kuuza. Kuhusu dawa za kienyeji za sukari zisizo na jina la mtengenezaji, zile zinazoshusha ndani ya siku tatu, kuwa macho. Nchi kadhaa zimewahi kukuta "dawa za mitishamba" zimetiwa ndani kwa siri glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kisukari. Unadhani unakunywa mizizi, kumbe unameza dozi ya pili juu ya ile uliyopewa kliniki. Hapa kwetu kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya Wizara ya Afya linalosajili waganga na dawa zao. Uliza namba ya usajili. Anayekasirika kwa kuulizwa amekujibu.

Asali na mdalasini je? Nimeambiwa kijiko kila asubuhi kabla ya kula kitu.

Kijiko kimoja cha mezani cha asali kina gramu 17 hivi za sukari. Ya nyuki wadogo, ya Tabora, ya porini kabisa, yote ni sukari. Unaweka kijiko cha sukari juu ya kiungo ambacho huenda kikakushushia kidogo, halafu unashangaa mashine inasoma 13. Kama unaipenda asali, kula kidogo kama utamu na uihesabu kama utamu. Usiiite dawa.

Mimi nimeamua kuacha vidonge nitumie mdalasini tu. Unanishaurije?

Nilishafanya. Ngoja nikueleze ilivyokwenda.

Mwaka 2018 jirani alinirushia sauti ya mtu asiyejulikana anayeeleza jinsi alivyopona kwa maji ya mdalasini. Nikajiambia, mbona mimi ninao wa bure? Nikaacha metformini, ambayo ilikuwa inanisumbua tumbo, nikawa nachemsha magome asubuhi na jioni. Wiki mbili za kwanza nilijisikia mwepesi. Sasa najua ni kwa sababu tumbo lilitulia na chai ile nilikuwa nainywa bila sukari. Stripu za kupimia zilikuwa zimeisha, sikununua nyingine, kwani napima nini na nimeshapona?

Wiki ya nne nikaanza kuamka usiku kukojoa, mara tatu, mara nne. Kiu haikatiki. Kandambili ikanichubua kidole cha mguu, kijikidonda kama punje ya choroko, kikakataa kufunga. Wiki ya tano binti yangu akanipandisha bajaji kwa nguvu. Mashine ya kliniki ilisoma 22.4. Muuguzi hakunigombeza. Alinivua soksi, akatazama kidole, akaniuliza, "Mama, huo mdalasini unauuza, au ndio unakuuza?"

Kidole kilipona baada ya miezi miwili ya kufunga bandeji. Lile tumbo lililonifanya niache dawa lilitatuliwa kwa jambo dogo tu: daktari aliniambia niimeze katikati ya chakula, akaanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu. Kama dawa inakusumbua, rudi kwa aliyekuandikia umwambie. Zipo namna nyingine. Usiache kimya kimya kama nilivyofanya mimi.

Lakini dawa za hospitali ni kemikali. Mdalasini ni wa asili, hauna madhara.

Upupu nao ni wa asili.

Na metformini yenyewe ina babu yake shambani. Ilipatikana kwa kufuata kemikali iliyomo kwenye mmea unaoitwa Galega officinalis, ambao watu wa Ulaya waliutumia tangu zamani. Mmea wenyewe una sumu, ikabidi wanasayansi watengeneze kitu kinachofanana nao kisichodhuru, na daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Kwa hiyo ugomvi wa mizizi na vidonge mimi siuoni. Tofauti ni kwamba kimoja kimepimwa miaka zaidi ya 60, unajua kila kidonge kina miligramu ngapi, na kingine kinategemea gome limevunwa wapi na mkono wako umechota kiasi gani.

Nitajuaje kama mdalasini unanisaidia mimi?

Pima, andika. Usitegemee kujisikia; mimi nilijisikia vizuri nikiwa naelekea 22.

Wiki ya kwanza ishi kama kawaida, dawa zako zilezile, pima asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo uleule kila siku. Wiki ya pili ongeza chai ya mdalasini, usibadilishe kingine chochote. Linganisha. Ukipunguza sukari kwenye chai wiki hiyohiyo hutajua ni nini kilichofanya kazi, ingawa kama namba zimeshuka sidhani utalalamika. Stripu ni ghali, najua. Hata siku tatu kila wiki zinatosha kukupa picha. Halafu HbA1c ya kliniki ndiyo ikuambie mwisho wa hadithi. Kwa wagonjwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7, lakini lako atakupangia daktari wako, hasa kama umri umekwenda.

Unaweza kushusha sukari kupita kiasi?

Peke yake, kwa kiasi cha chai, sijaona. Hatari inakuja ukiuchanganya kwa wingi na dawa zinazoshusha kwa nguvu, kama glibenklamidi na nyingine za ukoo wake, au insulini, halafu ukaruka mlo kwa sababu daladala ya Gongo la Mboto imekwama kwenye foleni. Dalili: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika. Ukipima ukaona chini ya 4, kunywa haraka vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari, subiri dakika 15, pima tena. Hapo sukari ndiyo dawa. Mtu akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Nani asiutumie?

Kwenye pilau kila mtu ale. Ninaozungumzia ni wale wanaotaka kuutumia kwa wingi kila siku: mwenye ugonjwa wa ini, anayetumia dawa zinazoumiza ini au za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na mjamzito. Hao waulize kliniki kwanza. Na watoto msiwaache wachezee unga mkavu wala kuulamba kwa kijiko kwa mashindano. Ukiingia kwenye mapafu ni balaa.

Nikitia mdalasini mwingi kwenye pilau, wali hautanipandishia?

Utakupandishia. Hili swali huwa naulizwa Ijumaa na msimu wa harusi, na muulizaji anakuwa ameshajijibu. Kinachosaidia ni sahani yenyewe: nusu yake kachumbari, mchicha au tembele, robo nyama au samaki au maharage, robo iliyobaki ndiyo pilau. Ukimaliza, tembea hata dakika 15 badala ya kurudi kwenye kochi.

Wewe chai yako unaipikaje?

Ah, hili ndilo swali ninalolipenda, na kusema kweli ndipo faida ya mdalasini ilipo.

Maji vikombe vinne kwenye sufuria. Kipande cha mdalasini urefu wa kidole, nakivunja mara mbili. Iliki mbili nazipasua kwa meno, uniwie radhi. Kipande cha tangawizi nakigonga kwa mchi mara moja tu kisitawale. Nafunika, nachemsha dakika 10 moto mdogo, mpaka dirisha linapata ukungu na mjukuu anauliza kuna nini. Majani ya chai nayatia mwishoni. Maziwa siku nyingine kidogo, siku nyingine hapana.

Sasa sukari. Zamani nilikuwa natia vijiko vitatu kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chai ni gramu 4, kwa siku gramu 36, kwa mwezi zaidi ya kilo nzima ya sukari, kwenye chai peke yake, kabla ya andazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 50 hivi, na ingekuwa bora ikae karibu na 25. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Chai ya majani matupu bila sukari ni maji ya kuadhibiwa, lakini mdalasini una utamu wake wa harufu, ulimi unadanganyika. Wiki ya sita nilikuwa sitii kitu. Uzito ulishuka kilo tatu bila kufanya jingine. Kwa hiyo wateja wakiniuliza mdalasini umenishushia nini, nawaambia umenishushia kopo la sukari kutoka mezani likarudi kabatini. Jaribio la namna hiyo sijaliona popote.

Uwatu, habbat soda, manjano, karafuu, mlonge?

Uwatu una nyuzinyuzi nyingi, na kuna majaribio madogo yanayoonyesha unapunguza sukari kidogo. Harufu yake itakutoka kwenye jasho, ujiandae. Habbat soda na manjano vina utafiti unaoendelea, wenye matokeo ya kupanda na kushuka kama ya mdalasini. Karafuu na mlonge, ushahidi kwa binadamu ni mdogo zaidi. Usichemshe vyote kwenye sufuria moja. Ukipata nafuu hutajua umshukuru nani, na ukiumwa tumbo hutajua umlaumu nani.

Ramadhani naweza kufungulia chai ya mdalasini?

Vizuri kabisa, badala ya uji wa sukari au juisi ya ukwaju iliyokolezwa. Hatari ya futari haiko kwenye chai, iko kwenye kaimati zilizoogeshwa shira na tambi za sukari zinazokaa pembeni yake. Kufunga kwenyewe, kama unatumia dawa, kazungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili akupangie saa za dawa. Na kupima sukari kwa kutoboa kidole hakufunguzi, wanazuoni wengi wameshalisema.

Mwanangu ana miaka 11, ana kisukari. Nimpe?

Kwa umri huo mara nyingi ni aina ya kwanza: kongosho imeacha kutengeneza insulini. Huyo anaishi kwa insulini ya sindano, na siku chache bila hiyo zinaweza kumuua. Mdalasini kwenye uji wake sawa, ni kiungo. Mahali pa sindano hakuna gome, maombi wala dua inayochukua nafasi. Omba huku sindano ikiendelea.

Sijapimwa, ila nakunywa kujikinga.

Kapime kwanza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 11 wenye miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania ana kisukari, na wengi hawakuwa wanajua. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, kwa vipimo vya siku mbili tofauti, ni kisukari. Amana, Temeke, Mwananyamala na Muhimbili kote kuna kliniki, na zahanati nyingi za mtaani wanacho kile kipimo cha kidole.

Nikija kununua nikuombe nini?

Omba vijiti au magome, usiombe unga. Omba uvunje kimoja mwenyewe. Muuzaji anayekunyima hilo mpite. Usinunue nusu kilo: hewa ya Dar ina unyevu, na mdalasini uliokaa miezi kwenye mfuko wa nailoni unaota ukungu mweupe unaofanana na vumbi. Fungu moja dogo linatosha nyumba ya watu wanne kwa mwezi. Liweke kwenye kopo la kioo lenye mfuniko, mbali na jiko.

Na uje kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo naenda kutembea, raundi mbili za soko, agizo la kliniki, na meza anabaki nayo kijana wangu ambaye atakuambia unaponya kila kitu.